Nauli ya mapema na ulinzi wa bei kwenye meli za kitalii: mwongozo kamili kwa familia za Arusha na Moshi

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, dereva mmoja wa watalii aliingia ofisini kwetu karibu na Mnara wa Saa, tunapouza tiketi za meli za kitalii, vumbi la Manyara bado liko kwenye buti zake. Alitaka kumpeleka mkewe na watoto wawili kwenye meli ya kitalii Desemba ya mwaka unaofuata. Nilipomwambia aweke arbuni wiki ileile, akacheka.

"Dada, miezi kumi na minne yote hiyo? Si bei itashuka wakiona vyumba havijajaa?"

Nikamuuliza: mgeni anayetaka hema zuri kule Kogatende mwezi wa nane, nyumbu wakivuka Mto Mara, anakuandikia lini?

Akanyamaza kidogo. "Mwaka mmoja kabla."

"Na akichelewa?"

"Akichelewa analala mbali na mto."

Hapo tukaanza kuelewana. Sisi wa Arusha na Moshi tunaijua biashara hii, ila tumezoea kukaa upande wa pili wa meza. Hai sizoni na lo sizoni tunazijua. Arbuni tunaijua. Tunamjua hata mgeni anayefuta safari wiki mbili kabla halafu anataka hela yake yote. Kwenye meli ya kitalii mgeni ni wewe, na masharti uliyozoea kuwasomea wengine sasa unasomewa.

Kwa nini bei ya meli haitulii

Basi la Moshi kwenda Dar lina nauli elekezi ya LATRA. Likizidisha, una pa kushtaki. Meli ya kitalii haina kitu kama hicho. Kampuni hufungua mauzo mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya meli kung'oa nanga, na tangu siku hiyo bei husogea kila mara kulingana na vyumba vilivyobaki na kasi ya wanunuzi. Chumba kikiondoka kitupu hasara yake hairudi. Isitoshe, abiria akishapanda ataacha hela baa, kwenye kasino, dukani na kwenye matembezi ya bandarini. Kwa hiyo siku zikikaribia na vyumba vimebaki, kampuni inaweza kuteremsha bei ili mradi watu wapande.

Bei hizo za dakika za mwisho zipo kweli. Wanaozifaidi ni wastaafu wawili wanaoishi Durban au Genova, wasio na mtoto shuleni wala viza ya kuomba. Wewe wa Njiro au Shanty Town mwenye watoto wawili huwezi kuzitegemea, na sababu kubwa ni kitanda cha tatu na cha nne.

Kampuni huhesabu chumba kimoja kwa watu wawili. Ndiyo maana taarifa zao za hesabu husema meli imejaa zaidi ya asilimia 100: ile ziada ni watu wa tatu na wa nne, wengi wao watoto waliolala kwenye kitanda cha kukunjua ukutani au kochi linalogeuka kitanda. Vyumba vya namna hiyo ni vichache melini, na vyenye kibaraza ndivyo hupungua upesi. Tena kuna jambo wateja hawalijui kabisa: kila eneo la meli limepangiwa boti zake za kuokolea, na idadi ya watu wa boti hizo haizidishwi. Unaweza kukuta chumba kina vitanda vinne, lakini mfumo unakukatalia mtu wa nne kwa sababu boti za upande ule zimeshatimia. Ukichelewa utaambiwa mchukue vyumba viwili, na hapo punguzo lote la dakika za mwisho limekwisha kabla hujaanza kushangilia.

Kwa hiyo mimi nikimwambia mwenye familia anunue mapema, hoja yangu ya kwanza ni chumba. Bei ni hoja ya pili.

Hatua ya kwanza: tafuta bei kwa idadi yenu kamili

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, na inachukulia kwamba mko wawili chumbani. Usiizidishe kwa nne. Ingiza watu wote pamoja na umri ambao watoto watakuwa nao siku ya kupanda, kisha usome jumla ya mwisho. Mtu wa tatu na wa nne kwa kawaida hulipa kidogo kuliko wawili wa kwanza. Na pale tangazo linaposema watoto husafiri bure, kinachosamehewa ni nauli tu. Kodi na tozo za bandari hulipwa kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga. Tukigusia wachanga: kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari zenye siku nyingi mfululizo baharini wanataka awe ametimiza miezi 12.

Chukua mfano wa usiku 7, namba zikiwa za kufundishia tu. Wazazi dola 700 kila mmoja, watoto dola 250 kila mmoja: 1,900. Kodi na tozo za bandari dola 120 kwa kichwa: 480. Bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi za Marekani hukata dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, tuchukue 16: mara siku 7, mara watu 4, ni 448. Jumla 2,828. Tangazo lilisema "kuanzia dola 700".

Tangu Julai 1, 2024 sheria ya California inataka bei inayotangazwa ijumlishe tozo zote za lazima, kwa hiyo kurasa za Kimarekani siku hizi huonyesha bei iliyo karibu zaidi na ukweli. Bakshishi bado huwa pembeni.

Hatua ya pili: jua umenunua nauli ya aina gani

Chumba kilekile, meli ileile, kinaweza kuuzwa kwa nauli tatu tofauti siku moja.

Kuna nauli ambayo arbuni yake inarudi ukifuta kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho. Ni ghali kidogo. Kuna nauli ya mapema ambayo arbuni hairudi; ni nafuu, lakini ukifuta unaipoteza au unabaki na vocha ya kutumia kwa safari nyingine, na ukibadilisha tarehe unatozwa kwa kila mtu. Carnival ya Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi imeuza nauli iitwayo Early Saver kwa mtindo huo: mteja anakubali kubanwa, na kwa upande wake anapewa haki ya kudai tofauti iwapo kampuni yenyewe itateremsha bei. Ya tatu ni nauli ambayo unalipia daraja la chumba bila kuchagua namba. Kampuni itakupangia inapotaka. Familia yenye watoto wadogo iiepuke hiyo ya tatu, hasa mkichukua vyumba viwili, maana hakuna anayekuhakikishia vitakuwa jirani.

Msimamo wangu: kama safari inahitaji viza, usichukue nauli yenye arbuni isiyorudi hata ikiwa nafuu kwa dola mia. Ubalozi ukikataa, kampuni ya meli haitajali, na bima nyingi za safari hazilipii kunyimwa viza. Kama haihitaji viza, basi nauli ya kubanwa ina maana.

Hatua ya tatu: elewa ulinzi wa bei kabla hujaudai

Watu huchanganya mambo mawili. La kwanza: ukishaweka arbuni, bei yako imefungwa, soko likipanda kesho, wewe hupandi nalo. Hilo huja lenyewe. La pili: soko likishuka, unaweza kudai ushushiwe. Hilo haliji lenyewe. Hakuna mtu atakayekupigia simu kukwambia chumba chako sasa ni nafuu kwa dola 150. Lazima uone mwenyewe, uombe mwenyewe, ndani ya muda.

Masharti ya kawaida ni haya. Meli iwe ileile, tarehe ileile, daraja la chumba lilelile, idadi ya watu ileile. Bei mpya iwe imetangazwa na kampuni yenyewe kwa watu wote, na katika soko lilelile ulilonunulia: ukinunua kwa randi kupitia ukurasa wa Afrika Kusini, bei ya euro uliyoiona kwenye ukurasa wa Italia haikuhusu. Bei za wastaafu, za wakazi wa mji fulani, za vikundi na zile za kupangiwa chumba kwa kawaida hazihesabiki. Bei ya kampuni shindani ndiyo kabisa.

Kisha kuna tarehe ya malipo ya mwisho, na hiyo ndiyo inayotawala kila kitu. Mara nyingi huwa kati ya siku 60 na 120 kabla ya safari. Kabla yake, bei ikishuka na nauli yako inaruhusu, deni lako hupunguzwa: ulikuwa umebakiza dola 2,000, unabakiza 1,850. Ni hela halisi. Baada yake, ukibahatika utapewa salio la kutumia melini au mpandishwe daraja la chumba. Usipobahatika hupati kitu.

Hesabu ya adhabu uifanye kabla ya kufurahi. Tuseme nauli ya wazazi imeshuka dola 60 kwa kila mmoja, ya watoto haikuguswa. Hiyo ni dola 120. Nauli yako ina ada ya mabadiliko ya dola 50 kwa mtu, na mko wanne: 200. Ukibadilisha umepoteza dola 80. Uliza waziwazi kama kushushiwa bei kunahesabika kuwa mabadiliko. Kampuni nyingine hazitozi kwa hilo, nyingine hutoza.

Na mimi niliwahi kuumia, kwa hiyo nakueleza la tatu. Nilinunua safari ya familia yangu wakati wa ofa iliyokuja na intaneti ya watu wanne na vinywaji vya watoto. Miezi mitatu baadaye bei ikashuka dola 90. Nikaandika kwa haraka, wakakubali siku hiyohiyo, nikajiona mjanja. Baada ya wiki nafungua uthibitisho mpya: intaneti haipo, vinywaji havipo. Bei mpya ilikuwa ya ofa mpya, na ukihamia humo unaacha kila kilichokuja na ya zamani. Niliokoa 90, nikaja kulipia zaidi ya 200 melini. Niuzaye tiketi kila siku!

Kama umenunua kwa muuzaji wa Umoja wa Ulaya, una kinga nyingine. Maelekezo ya umoja huo ya mwaka 2015 kuhusu safari za vifurushi, ambayo meli za kitalii zimo, yanamruhusu muuzaji kupandisha bei baada ya mkataba kwa sababu chache tu, kama mafuta, kodi na tozo, au thamani ya fedha. Ikizidi asilimia 8 una haki ya kufuta bila adhabu, na ndani ya siku 20 kabla ya kuondoka hawaruhusiwi kupandisha hata senti. Tena mkataba unaompa muuzaji haki ya kupandisha lazima umpe mteja haki ya kushushiwa gharama hizohizo zikipungua. Tafuta kifungu hicho kwenye masharti. Huwa kipo, kwa herufi ndogo.

Hatua ya nne: panga kalenda ukianzia mwisho

Hapa ndipo kalenda yetu ya shule inatupa nafasi ambayo wengi hawaioni.

Meli za Durban kwanza. Kwa misimu kadhaa kampuni ya meli ya MSC imekuwa ikiweka meli Durban kuanzia karibu Novemba, kwa safari fupi za usiku 3 hadi 5, nyingi zikigusa Pomene na Kisiwa cha Wareno upande wa Msumbiji. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Za serikali kule Afrika Kusini hufungwa siku kadhaa baadaye. Hizo siku kadhaa ni dhahabu, maana bei huruka mara tu watoto wao wanapofunga. Ukiwahi kuondoka wiki ya kwanza ya Desemba, unarudi hata kabla mabasi ya Dar hayajaanza kumwaga Wachaga Moshi, na mama mkwe hana la kulalamika kuhusu Krismasi. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mzazi mmoja akisafiri peke yake nao awe na barua ya ridhaa ya mwenzake. Uhamiaji wa kule wanaweza kuviuliza.

Bahari ya Mediterania ni kazi kubwa zaidi. Likizo yetu ya Juni huanza wakati shule za Uingereza bado ziko darasani hadi Julai, kwa hiyo safari za mwanzo wa Juni huwa nafuu kuliko za Julai na Agosti. Lakini unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kalenda yake inagongana na ya meli usipoangalia.

Tuseme meli inaondoka Juni 5 na malipo ya mwisho ni siku 90 kabla, yaani Machi 7. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari: Desemba 5. Kwa hiyo una miezi mitatu ya kupata jibu la ubalozi ukiwa bado hujalipa hela kubwa. Omba mwanzoni mwa dirisha hilo. Uamuzi wa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45, na miadi yenyewe ni Dar es Salaam, siyo hapa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na wa chini ya 6 halipi. Bima ya afya ya safari lazima ifikie euro 30,000. Meli ikitoka nje ya eneo la Schengen katikati ya safari, mathalani kwenda Tunisia au Uturuki, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, vinginevyo hutaruhusiwa kupanda.

Majina yafanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Mtoto anayeitwa jina moja shuleni, jingine kwa bibi yake Kibosho na la tatu kwenye cheti cha RITA ameshanipotezea siku mbili za kazi.

Hatua ya tano: linda shilingi, kwa sababu kampuni hailindi

Ulinzi wa bei ni wa dola, euro au randi. Katikati ya 2024 dola ilivuka shilingi 2,600. Mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa imeshuka karibu na 2,400. Kwa deni la dola 2,500 tofauti hiyo ni shilingi nusu milioni, kubwa kuliko punguzo nyingi nilizowahi kuwadaia wateja. Kampuni nyingi hukubali ulipe kidogokidogo kati ya arbuni na tarehe ya mwisho. Tumia ruhusa hiyo: shilingi ikipata nguvu, punguza deni. Mwenye kipato cha dola, kama madereva na waongozaji wengi wa hapa, afungue akaunti ya dola aweke bakshishi zake humo badala ya kuzibadilisha mara mbili.

Kadi nayo. Nenda benki mapema wakuwezeshe malipo ya mtandaoni ya nje na wakupandishie kikomo cha siku. Kadi kukataa usiku wa tarehe ya mwisho si jambo dogo; kampuni inaweza kufuta nafasi yenu na chumba cha watu wanne kikaenda kwa mwingine.

Hatua ya sita: fuatilia, kisha dai

Mimi hufungua ukurasa wa safari ya mteja kila Jumatatu asubuhi, dakika tano tu, watu walewale, daraja lilelile. Bei ya siku ya kununua nimeiandika kwa kalamu ndani ya jalada. Ikishuka napiga skrinishoti inayoonyesha tarehe, jumla na tozo, kisha naandika siku hiyohiyo kwa sababu kesho inaweza kuwa imepanda. Kama umenunua kupitia wakala, mwandikie wakala. Kampuni haitakusikiliza wewe moja kwa moja. Ujumbe uwe mfupi: namba ya kumbukumbu, jina la meli na tarehe, bei yako, bei mpya, na maswali mawili. Je, mnaweza kunipa bei hii bila ada? Je, nikikubali, ni kitu gani cha ofa yangu ya mwanzo kitaondoka? Usiruhusu wabadilishe chochote kabla swali la pili halijajibiwa kwa maandishi.

Tarehe ya malipo ya mwisho ikishapita, adhabu ya kufuta hupanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 100 siku za mwisho. Wakati huo ndipo ununue tiketi za ndege za KIA kama ulikuwa hujanunua, na upange kufika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa Addis Ababa au Nairobi, meli haisubiri, na nauli ya meli iliyokuacha bandarini hairudi hata ungekuwa na ulinzi gani.

Yule dereva alichukua chumba cha watu wanne chenye dirisha. Bei ilishuka mara moja, mwezi wa sita, tukashushiwa deni bila ada. Ikashuka tena wiki tatu kabla ya safari, deni likiwa limeshalipwa. Nikaandika bila matumaini, wakampa salio dogo la kutumia melini. Salio hilo kwa kawaida lisipotumika linapotea, nikamsisitizia alimalize kabla ya usiku wa mwisho. Alisahau. Mkewe ndiye aliyekumbuka saa nne usiku, duka likiwa karibu kufungwa, akarudi chumbani na taulo tatu za ufukweni na kofia ya nahodha ya mtoto, ambayo sasa huvaliwa kwenye kiti cha mbele cha Landikruza kila Jumapili.